Ng'ombe wa Bisil

Simu iliponijulisha kwamba Daktari Sankale amefariki, kitu cha kwanza nilichokumbuka hakikuwa uso wake, wala zile gambuti zake za kijani zilizokuwa zikituachia matope mlangoni. Nilimkumbuka ng'ombe mmoja ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ng'ombe huyo aliishi Bisil, alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, alipungukiwa meno mawili, na mwaka ule wa mvua za Elnino alinitoa jasho kuliko mtihani wa kidato cha nne. Sankale alikuwa daktari wa mifugo. Mazishi yangefanyika nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Kajiado, na nilipokuwa nikitafuta leso ya kwendea matangani nilijikuta nacheka peke yangu mbele ya kabati, hadi mume wangu akaja kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia sijui.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule na sina la kufanya ila kusubiri matokeo, nikatumwa Kitengela kukaa na shangazi yangu Syombua. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya mawe na jiko la mabati nje, na jiko hilo liliegemezwa kwenye banda la ng'ombe, ukuta wa mabati ukiwa mmoja. Ukipika ugali, unamsikia ng'ombe akicheua upande wa pili. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa gredi, wale wa maziwa mengi, mweusi na mweupe, na shangazi alimwita Nduku, jina la marehemu mama mkwe wake. Hakuwahi kutueleza kama ile ilikuwa heshima au kisasi. Kila asubuhi alikiosha kiwele cha Nduku kwa maji ya moto, akakikausha kwa kitambaa chake maalumu, akakamulia matone ya kwanza kwenye mfuniko mweusi aone kama yana mabonge, kisha akapapasa kiwele chote, robo baada ya robo, macho ameyafumba, kama mtu anayechagua maparachichi sokoni. Wateja wa maziwa walisimama mlangoni na chupa zao wakingoja amalize, na kwa kuwa walingoja, walizungumza. Jikoni kwa shangazi palikuwa pahali pa kupata habari zote za Kitengela kabla hazijatokea.

Habari kubwa ya mwaka ule ilitoka kanisani. Kina mama walimwalika daktari mmoja wa kike kutoka Nairobi, mwembamba, mwenye miwani, aje baada ya ibada awafundishe juu ya saratani ya matiti. Sijamsahau kwa sababu alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Alisema kwamba kwa wanawake wengi bado haijulikani ni nini hasa kinachouleta ugonjwa huu. Alisema wako watafiti wanaojiuliza kama virusi vina mkono ndani yake, kwa maana imejulikana tangu zamani kwamba kuna kirusi cha panya kinachopita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kupitia maziwa na kuwaletea panya hao uvimbe wa matiti. Kwa binadamu, akasema, jambo hilo halijathibitishwa, linachunguzwa tu. Kisha akaeleza kwa kirefu jinsi ya kujipapasa na umuhimu wa kwenda hospitali mapema. Laiti angeanza na hapo. Kina mama wale walikuwa wametoka tu kutishwa na redio kuhusu homa ya mifugo iliyokuja na mvua, ambayo kweli ilikuwa ya virusi na kweli ilitoka kwa wanyama, na wengine walikuwa hawajarudia kula nyama. Waliposikia virusi, panya na maziwa kwa pumzi moja, hawakuhitaji mengine. Daktari alipofika kwenye kujipapasa, nusu ya kanisa ilikuwa inawaza paka.

"Mimi nilijua," Mama Kariuki akasema asubuhi iliyofuata, chupa yake mkononi. Alikuwa jirani yetu, mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na hakuna jambo chini ya jua ambalo hakuwa amelijua mapema. "Hizi panya za Elnino si za kawaida. Ziliingia kwa stoo yangu zikakula hata sabuni. Panya gani inakula sabuni kama haina ugonjwa?"

"Lakini Mama Kariuki," nikasema, "daktari alisema ni panya wa maabara."

"Na hiyo maabara iko wapi? Si iko Nairobi? Na Nairobi ni mbali na hapa?"

Na kweli, ukipanda juu ya tangi la maji uliweza kuziona ghorofa za Nairobi. Basi Kitengela ikaingia katika msimu wa paka. Paka waliokuwa wakitupiwa mawe wiki moja kabla wakaanza kuitwa kwa majina ya mapenzi. Watu walitafuta hadi Kiserian, na siku moja akatokea mzee mmoja kutoka huko na paka ndani ya gunia, akaondoka na kuku. Shangazi alitoa kuku wake anayetaga akapewa dume la mistari ambalo tuliliita Askari. Nilimwona Askari kwa macho yangu amelala kwenye ngazi ya banda, panya akapita mbele ya pua yake bila haraka, naye Askari akafungua jicho moja, akalifunga. Kazi aliyoifanya kwa bidii ni kunywa maziwa aliyopewa kuyalinda. Shangazi akaamua kutomtegemea sana, akaning'iniza mikebe ya maziwa kwenye boriti ya jikoni kwa kamba, na mimi niliye mrefu nikawa naigonga kwa kichwa kila nikigeuka. Hadi leo nikiingia jikoni kwa mtu huinama kidogo.

Nilicheka sana wakati ule, na ndiyo sababu nilichelewa kuona lililokuwa linaendelea nyumbani mwetu. Shangazi alikuwa na kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. Zamani kilizunguka kama vikombe vingine. Sasa akapigilia msumari kando ya dirisha la jikoni, akakitundika hapo peke yake. "Hiyo usitumie," akaniambia. Tulizoea kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, katika sahani moja, yeye upande huu na mimi upande ule, akinisukumia maharagwe mengi upande wangu huku akijifanya hayaoni. Sasa akawa anajipakulia kando, anakula akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mtoto wa jirani aliponyoosha mikono abebwe, shangazi akaficha yake nyuma ya leso. Nilidhani nimemkosea. Nilisugua sufuria mpaka ukaweza kujitazama ndani yake, nikaamka kabla yake kukata nyasi za Nduku, na bado kikombe kikabaki msumarini. Niliumia kwa namna ambayo mtu wa umri ule huumia, yaani kimya kimya na kwa hasira, nikipanga kurudi nyumbani siku yoyote.

Kisha Nduku akaanza kulia usiku kucha akitaka dume, na Daktari Sankale akaitwa alete mbegu. Alikuwa Mmaasai mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na ng'ombe kwanza kabla ya kumsalimu mwenye ng'ombe. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Nikasikia amemaliza kazi, ananawa mikono kwenye ndoo, na shangazi akakohoa kile kikohozi chake cha kutaka kuomba kitu.

"Daktari, nikuulize. Niko na ng'ombe mwingine."

"Mwingine? Hukuwahi kuniambia, Mama Mwikali."

"Hayuko hapa. Yuko Bisil. Nimemwacha kwa watu."

"Ana shida gani?"

"Kuna kitu kwa kiwele. Upande wa kushoto. Ni kidogo, kama harage, na hakisongi."

"Kina moto? Akiguswa anapiga teke?"

"Hapana. Haumwi."

"Maziwa yana damu?"

"Hana maziwa. Aliacha kitambo."

"Amezaa mara ngapi?"

"Nne."

"Ya mwisho lini?"

Shangazi akahesabu kwanza, nikamsikia, kwa sababu huhesabu kwa kunong'ona. "Kumi na sita," akasema.

"Miezi kumi na sita?"

"Miaka."

Kijiko kikaniganda mkononi. Mwikali, kitinda mimba wa shangazi, alikuwa shule ya bweni, na alikuwa na miaka kumi na sita. Upande wa pili wa mabati Nduku alikuwa akicheua.

"Huyo ng'ombe," Daktari Sankale akasema polepole, "ana umri gani?"

"Hamsini na mbili."

"Meno bado yako?"

"Yote, isipokuwa mbili."

Mtu mwingine angecheka. Mimi mwenyewe, nikiwa nimeshika kijiko kifuani, sikujua kama nacheka au nalia. Yeye hakucheka. Akavuta ndoo, nadhani aliipindua akaikalia, na sauti yake ikawa ile aliyoitumia na ng'ombe.

"Uliliona lini hilo harage?"

"Kabla ya Krismasi. Halafu nikasikia hii mambo ya panya kanisani." Shangazi akakohoa tena. "Daktari, huyo ng'ombe anaweza kuambukiza wengine? Sijali yeye, yeye ni mzee. Lakini kuna mtamba mmoja anakaa naye. Mtoto wa kaka yangu... yaani, mtamba wa kaka yangu. Bado mdogo. Nimemtengea huyo mgonjwa chombo yake ya maji, hawagusani, lakini wanalala nyumba moja."

Nilikuwa na miaka kumi na minane, na ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho kuitwa mtamba. Hakuna jina la mapenzi nililopewa baadaye ambalo limewahi kulifikia. Nikakaa chini kwenye gunia la makaa, chai ikafurika, ikazima moto, na sikunyanyuka.

"Sikiza, Mama Mwikali," Daktari Sankale akasema. "Sitakudanganya. Ng'ombe wana virusi vyao, zingine zinapita kwa maziwa. Panya pia. Za watu, wenye darubini bado wanatafuta, na siku wakipata watatuambia. Hiyo ni kazi yao. Lakini hii ugonjwa haipiti kwa kikombe, haipiti kwa sahani, haipiti kwa kulala nyumba moja. Huyo mtamba hana shida. Mwenye shida ni huyo mwenye harage, na hakuna paka itashika harage."

Kisha akauliza, "Hiyo chombo umemtengea iko wapi?"

Daktari akaja mlangoni mwa jiko, akainama kwa sababu ya urefu wake, akagonga kichwa kwenye mkebe wa maziwa, akanikuta nimekaa kwenye makaa na uso umelowa. Akatazama huku na huku, akakiona kikombe kwenye msumari. Akakishusha, akanipa. "Niwekee chai hapa," akasema. Iliyobaki sufuriani ilikuwa nusu majivu, lakini nilimwekea, akasimama mlangoni mbele ya shangazi, akainywa yote bila haraka. Shangazi alimtazama kama mtu anayetazama mtu akitembea juu ya moto. Daktari alipomaliza akamrudishia kikombe mkononi.

"Kesho asubuhi naenda Kajiado. Kuna daktari wa watu huko hospitali, ni mwanamke, namjua. Huyo ng'ombe nitamchukua na pikapu hapa kwa barabara. Avae viatu."

"Na akikataa kupanda?"

"Nitaita Mama Kariuki amsukume."

"Atapanda," shangazi akasema haraka.

Usiku ule alinipakulia muthokoi kwenye sahani moja naye. Hatukuzungumza juu ya ng'ombe yeyote. Alinisukumia maharagwe.

Tuliondoka asubuhi, sisi watatu tumebanana mbele, shangazi katikati, na kwa kuwa nyuma kulijaa mbolea, alipewa ule mtungi wa mbegu za fahali aushike katikati ya magoti. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Majirani aliwaambia anaenda Bisil kumwona ng'ombe wake anayeugua, na kwa kuwa Bisil iko mbele ya Kajiado kwenye barabara hiyohiyo ya Namanga, aliona hajasema uongo, amezidisha safari tu. Kajiado wakamtuma Nairobi, na Nairobi wakasema harage lile lilikuwa lile tulilohofia, lakini bado ni dogo na halijatembea, na kwamba titi litaondolewa. Nilibaki Kitengela na Nduku. Niliogopa mno. Nilikuwa namkamua Nduku asubuhi nikipapasa kiwele chake robo baada ya robo jinsi nilivyoona ikifanywa, na nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo sijui kama Nduku alipaswa kuyasikia. Na katikati ya hofu hiyo, kila siku, Mama Kariuki mlangoni.

"Ng'ombe wa Bisil anaendeleaje?"

"Wanampasua, Mama Kariuki."

"Wanampasua! Ng'ombe! Huyo lazima anatoa maziwa ya maana." Kesho yake akaleta jiwe la chumvi ya mifugo, zito, limefungwa kwenye gazeti. "Mpelekee alambe. Na mwambie shangazi yako, kama atauza, asiuzie mtu mwingine. Mimi ndio wa kwanza."

Chumvi ile ilikaa chini ya kitanda cha shangazi na wengine wakaiongezea. Mtu mmoja alileta hata unga wa ng'ombe. Nilipomweleza shangazi hayo yote kando ya kitanda chake cha hospitali, alicheka hadi akashika bandeji, akanikataza kwa mkono nisiendelee, kisha akaniambia niendelee.

Aliporudi nyumbani kina mama walikuja kumwona, maana uvumi ulishaenea kwamba ng'ombe alimpiga teke. Sebule ikajaa. Chai ikapita, mandazi yakapita, na Mama Kariuki, ambaye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, akauliza mbele ya wote: "Sasa, Mama Mwikali, huyo ng'ombe tumeombea hivyo, tumepeleka chumvi, yuko wapi? Alipona?"

Shangazi alikuwa amejifunika leso mabegani. Akaifungua taratibu, akaweka kiganja upande wa kushoto wa kifua, palipokuwa bapa chini ya blauzi. "Ng'ombe ndiye huyu," akasema. "Wamekata upande mmoja, wameniachia mmoja. Chumvi yenu iko chini ya kitanda."

Nilimwona mama mmoja akitazama kikombe chake cha chai, kisha akamtazama Askari aliyelala kwenye kochi kama mtu aliyetapeliwa. Nilidhani wataanza kuondoka mmoja mmoja, nikajiandaa kuwachukia wote. Mama Kariuki akaweka kikombe chini. Sauti yake ya kuamrisha haikuwepo.

"Mimi pia niko na ng'ombe," akasema. "Yangu iko Kiserian."

Tangu siku ile Daktari Sankale hakupumzika. Alikuja kuchanja ndama akaambiwa kuna mwingine Ewuaso Kedong ambaye kiwele chake kimekuwa kigumu. Alisimamishwa barabarani, alisimamishwa kwa kinyozi, alisimamishwa nje ya kanisa na mke wa mzee wa kanisa ambaye hata kuku hakuwa naye. Wote walimjua yule daktari wa kike wa Kajiado ni nani na anapatikana wapi, lakini hakuna aliyetaka kuanza na yeye. Walitaka kwanza waulizwe idadi ya meno. "Mimi niko na ng'ombe wengi Bisil kuliko Bisil yote," alimlalamikia shangazi, na pikapu yake ikaendelea kupita asubuhi kuwachukua. Uvimbe wa Mama Kariuki ulikuwa wa maji tu. Alifurahi akachinja mbuzi, na kufikia jioni alikuwa anawaambia watu kwamba yeye alijua. Yule wa Ewuaso alikuwa amechelewa, na tulimzika kabla mwaka haujaisha. Alikuwa mama mcheshi, mwimbaji mzuri, na kila nikisimulia habari hizi kwa kicheko humkumbuka, nikapunguza sauti.

Matokeo yangu yalitoka, nikaondoka Kitengela, maisha yakanipeleka kwingine. Mimi mwenyewe sasa nimekaribia umri wa yule ng'ombe. Najipapasa kila mwezi macho nimeyafumba, robo baada ya robo, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na huwa nasoma kila ninachokikuta juu ya virusi na saratani ya matiti. Wenye darubini bado wanatafuta. Wengine wanasema wameona dalili, wengine wanasema hapana, na mimi nawatakia heri kwa moyo wangu wote. Yule daktari mwembamba wa miwani alisema kweli tupu siku ile kanisani. Kosa lilikuwa letu, kwamba kati ya kweli zote alizotuletea tulichagua ile ambayo ingeweza kushughulikiwa na paka.

Siku ya mazishi nilipitia Kitengela kwanza. Shangazi Syombua alikuwa amekaa nje ananingoja, amevaa gauni la kanisani, bakora mapajani, amechukia kwa sababu nimechelewa. Ana karibu miaka themanini sasa. Tulipofika Kajiado, watu walikuwa wengi, jamaa, wafugaji, wenzake wa kazi, na katikati yao kundi la wanawake wazee wenye vitambaa kichwani ambao familia haikuwafahamu. Mama Kariuki alikuwa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, anaamrisha watu waliokuwa wanapanga viti. Binti wa marehemu alikuja kwangu akaninong'oneza, akiuliza hawa kina mama ni nani.

"Ni wateja wa baba yako," nikasema.

"Walikuwa na ng'ombe?"

"Kila mmoja."

Kwa miaka yote ile Daktari Sankale hakuwahi kukutana na shangazi bila kumuuliza swali lilelile. Akiwa na haraka au hana, mbele ya watu au peke yao, hata alipostaafu na kuanza kutembea kwa shida. "Takwenya, Mama Mwikali," angemsalimu kwa Kimaasai. "Na yule wa Bisil?" Naye shangazi angeitikia salamu kwa Kimaasai hichohicho, "Iko," kisha akajibu lile swali kwa neno moja, na wangecheka wote wawili kama watoto walioiba sukari.

Ulipofika wakati wa kutupa udongo, nilimshika mkono tukasogea kaburini. Akainama kwa taabu, akachukua udongo kiasi cha kiganja, lakini hakuutupa. Akasimama ukingoni, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayengoja asalimiwe. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Nikataka kumwambia twende, kisha nikaelewa anangoja lile swali, nikamwacha. Mwishowe akafungua kiganja, udongo ukaanguka.

"Anakula, Daktari," akasema. "Bado anakula."